Koti la Jumamosi

Jiji la Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, lina sheria nyingi zilizoandikwa, na wenyeji huzivunja kwa kiasi, kama watu wastaarabu. Ipo moja tu ambayo haikuandikwa popote, na hiyo haivunjwi: mwanaume akitoka Jumamosi jioni kwenda kunywa na wenzake, hatoki na koti. Theluji ianguke, upepo uje kutoka Norwe na kisu mkononi, yeye ni shati na kifua basi. Siku za kazi avae apendavyo. Mazishini avae. Lakini Jumamosi jua likishatua, koti ni la wagonjwa, la watoto wachanga na la watu wa London.

Rowan Hepple alikuwa na miaka kumi na minane, na tangu aanze kuitii sheria hii hakuwahi kupata joto. Hiyo ilikuwa siri yake kubwa. Alikuwa amejifunza kutetemeka kwa ndani, kama friji, huku usoni akiwa ametulia kama sanamu ya jenerali.

Baba yake, Norman, alikuwa kuhani mkuu wa dini hiyo. Kwa bahati mbaya kazi yake ilikuwa kutengeneza mitambo ya kupasha nyumba joto. Kutwa nzima alizunguka mji wa Whitley Bay, kando ya bahari, na mkoba wake wa spana, akiwaletea watu joto sebuleni, na Jumamosi ikifika akaenda kulikana joto hilohilo mbele ya rafiki zake. Mkewe alihamia Hispania zamani pamoja na fundi mmoja wa vigae. Alisema anafuata jua, na kwa kweli hakuna aliyekuwa na hoja ya kumjibu. Norman akabaki na wana wawili, mbwa mmoja mwembamba kama hanga ya nguo aliyeitwa Stottie, na msimamo.

Siku hizi mwana aliyekuwa nyumbani ni mmoja. Wa kwanza, Kit, aliondoka.

Aliondoka kwa sababu ya koti. Wengine huondoka kwa sababu ya mapenzi au siasa, lakini kila familia na msiba wake. Kit alipenda nguo tangu utotoni. Alipiga pasi hata soksi. Siku alipotimiza miaka ishirini aliingia baa ya Nanga, ambako baba yake na wenzake walikaa kila Jumamosi, akiwa amevaa koti la kijani lililojazwa manyoya ya bata, kofia yake kubwa, urefu mpaka magotini. Baa nzima iligeuka. Kisha Lowery, fundi bomba mwenye mabega ya ng'ombe, akauliza kwa upole, "Kijana, umeamka na godoro lako?"

"Mwache," akadakia mwingine. "Hajui alale saa ngapi, kaona atembee nalo."

Walicheka mpaka wakashika meza. Kit naye alikuwa akitabasamu, kwa sababu mzaha wa Nanga ulikuwa kama mvua, humnyeshea kila mtu. Akamtazama baba yake amwokoe. Norman, aliyekuwa amecheka kuliko wote na macho yamemjaa machozi, akamshika Rowan begani, Rowan mwenye miaka kumi na mitano na soda yake, akasema kwa sauti, "Mimi nina mwana mmoja tu, na ni huyu mwenye shati!"

Ulikuwa utani. Kila aliyekuwepo alijua ni utani. Kit peke yake ndiye aliyeacha kutabasamu. Akafunga zipu mpaka shingoni, akatoka, na kabla ya mwezi kwisha akawa London, akiuza makoti katika duka liitwalo Grindle.

Majira matatu ya baridi yakapita.

Kila Krismasi lilifika koti kutoka London. La kwanza jeusi, la pili kijivu, la tatu la bluu iliyokolea. Kila mwaka Norman alimshukuru mtu wa posta, akalifungua, akalitazama kama mtu anayetazama bili, akasema, "Vizuri," kisha akalitundika kwenye kabati lililo chini ya ngazi, nyuma ya mashine ya kufagilia. Halikutajwa tena. Na kila Krismasi Rowan alipiga simu.

"Utarudi lini, kaka?"

"Siku Baba atakapovaa koti Jumamosi jioni," Kit alijibu safari hii, akacheka. Lakini kilikuwa kicheko kifupi, cha kufungia mlango.

Rowan alimkumbuka kaka yake kwa namna ya ajabu. Hakukumbuka sana maneno yake. Alikumbuka harufu ya pasi ya moto asubuhi. Nyumba ya Hepple sasa ilikuwa imekunjamana. Hata mapazia yalionekana kama yamelaliwa. Usiku Rowan alitazama video zilizopigwa nje ya duka la Kit: vijana wa London wamepanga foleni barabarani kwa ajili ya koti moja, wote tayari wamevaa makoti, watu wanaovaa koti hata ndani ya duka la makoti. Mara nyingine nyuma ya kioo ulionekana mkono ukikunja kitu taratibu. Alisimamisha picha hapo. Ulikuwa mkono wa Kit, au labda wa mtu mwingine yeyote.

Basi alipoambiwa neno lile la Krismasi, hakulichukua kama utani. Familia yao ilikuwa imeshaumizwa vya kutosha na watu kuchukua na kutochukua utani. Alilichukua kama mtihani, na Rowan katika mitihani alikuwa na desturi moja: kuiba majibu.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kisayansi. Alizima mtambo wa joto nyumbani Jumamosi mchana, akafungua madirisha. Norman alirudi, akasimama sebuleni, akavuta pumzi na kusema, "Hewa safi," akavua sweta. Jaribio la pili lilikuwa la vitisho: alimwambia baba yake kwamba daktari mmoja redioni amesema wanaume wa umri wake huanguka ghafla kwa baridi. "Daktari wa wapi?" aliuliza Norman. "London." "Ndiyo, huko huanguka."

Ndipo Rowan alipopata wazo la tatu. Huenda makoti hayamtoshi! Norman alikuwa ameota tumbo tangu Kit aondoke, na mzee mwenye tumbo hukiri dhambi zote ila hiyo. Sasa Grindle walikuwa wamefungua duka jipya katikati ya Newcastle. Akalichomoa koti la bluu kabatini, akalitia kwenye mfuko, akaenda kulibadilisha kwa saizi kubwa zaidi.

Lilikuwa duka la kunyenyekea. Makoti yalitundikwa moja moja, kila moja na uwanja wake, kama nyama katika bucha la matajiri. Mlinzi alivaa vizuri kuliko wateja. Muuzaji, msichana wa London aliyeitwa Bryony, aliegemea kaunta ya kioo na uso wa mtu aliyehamishiwa kituo cha mbali.

"Karibu kaka. Umekuja kununua, au umepotea ukitafuta viazi vya kukaanga kama wenzako?"

"Kubadilisha. Hili ni dogo."

"Halijavaliwa?"

"Halijaguswa," alisema Rowan, akanyanyua mkono kama shahidi mahakamani. "Limekaa kabatini tangu siku lilipofika. Baba yangu halivai. Yeye ni mtu wa hapa."

"Usinieleze habari za watu wa hapa." Bryony alishusha pumzi. "London Jumamosi tunafunga mlango kwa umati. Hapa Jumamosi tuko mimi, mlinzi na redio. Wiki jana kaingia bwana mmoja, kalijaribu koti, kapendeza, mkewe analia kwa furaha. Anaambiwa alivae aende nalo. Ananiambia, dada, lifunge kwenye mfuko, na mfuko usiwe na jina." Alikuwa anazungumza huku mikono yake inapapasa mifuko ya koti, kama wafanyavyo wauzaji. Akasita. Akageuza mfuko nje.

Mchanga ukamwagika juu ya kaunta ya kioo. Mchanga wa kutosha kuanzisha ufukwe. Nyuma yake ikafuata nusu ya biskuti ya mbwa.

Wakautazama wote wawili. Mlinzi pia alisogea akautazama.

"Halijaguswa," alisema Bryony.

"Naapa."

"Basi huwa linakwenda baharini lenyewe." Aliokota nywele moja nyeupe kwenye mkono wa koti. "Na hii?"

"Ya Stottie. Mbwa wetu."

"Labda ndiye anayelivaa."

Rowan hakucheka. Alikuwa anautazama ule mchanga. Akaufagia kwa kiganja, wote, akaurudisha mfukoni pamoja na ile nusu ya biskuti, akaondoka na koti lake. Bryony akasema nyuma yake kwamba duka haliudai mchanga huo, lakini alisema kwa upole.

Kesho yake, Jumapili, kabla hakujapambazuka vizuri, Rowan alisikia mlango wa kabati la chini ya ngazi ukifunguliwa polepole, kama unafunguliwa na mwizi wa nyumba yake mwenyewe. Alisubiri mlango wa nje ufungwe, akavaa, akafuata. Akajibanza ufukweni nyuma ya kibanda cha aiskrimu kilichofungwa kwa majira ya baridi.

Norman alikuwa akitembea kando ya maji. Alikuwa amevaa koti la bluu, zipu imefungwa mpaka puani, kofia kichwani, mikono mfukoni mpaka kwenye viwiko. Hakukuwa na mtu mwingine. Jua lilikuwa linachomoza kwenye maji, jekundu, bila joto hata chembe. Alitembea kama mtu aliyekumbatiwa na mwenzake kwa nyuma na hataki kusogea haraka asije akaachiwa.

Stottie alikuwa ametangulia mbali akifukuza ndege. Norman akaita, kama waitavyo wazazi wote, wakipitia majina ya nyumba nzima mpaka wafike kwa wanayemtaka. "Kit! ... Ro— Stottie!"

Mbwa akaja kwa jina lake. Norman akabaki amesimama, akitazama upande wa kusini, wa London, ambako hapakuwa na kitu isipokuwa ukuta wa gati na mvuke wa pumzi yake.

Rowan alipaswa kurudi nyumbani na kunyamaza. Angekuwa mtu mzuri angefanya hivyo. Lakini yeye alikuwa anamtaka kaka yake, na mtu anayetaka hana adabu. Akatoa simu, akapiga picha. Akaituma kwa Kit na maneno haya: JUMAMOSI JIONI. USHAHIDI HUU HAPA. PANDA TRENI.

Simu yake ililia kabla hajafika nyumbani.

"Rowan Hepple," ilisema sauti ya Kit. "Umesoma wapi jiografia?"

"Kwa nini?"

"Jua limeanza lini kuzama baharini Whitley Bay? Upande ule ni Denmark, mpumbavu wewe. Jua linazama nyuma ya duka la samaki. Mtu wa Blackpool angekuamini, huko ndiko linakozama majini. Mimi nimezaliwa mtaa wa pili kutoka hapo."

Rowan alisimama katikati ya barabara. Mjini kwao hata mtoto wa chekechea asingefanya kosa hilo, na yeye alikuwa amelifanya kwa herufi kubwa.

"Ni asubuhi," alikiri.

"Najua ni asubuhi." Kisha sauti ikashuka. "Ni lile la bluu?"

"Ndiyo."

"Amefunga mpaka puani?"

"Mpaka puani. Na kofia."

Nyuma ya Kit palisikika mlango wa chuma wa duka ukinyanyuliwa. "Zipu ya lile inakwama pale kifuani," alisema mwishowe. "Mwambie apitishe mshumaa."

"Mwambie mwenyewe. Njoo umwambie. Kaka, analivaa! Yote anayavaa, nimetazama, yote yana mchanga!"

"Analivaa mbele ya mbwa, Rowan. Mimi alinikana mbele ya watu." Na kwa sauti ileile ya kufunga mlango, "Mbwa si shahidi."

Akakata.

Wiki nzima Rowan alilibeba neno hilo kama jiwe ndani ya kiatu. Ijumaa, walipokuwa wanakula nyama ya nguruwe na njegere zilizopondwa, alilitema mezani. Alisema yote: duka, mchanga, kibanda, picha. Norman aliacha kutafuna.

"Ulinifuata?"

"Ndiyo, Baba."

"Ukanipiga picha. Nimevaa kile kitu."

"Koti, Baba. Linaitwa koti."

"Ukampelekea nani? Lowery?"

"Kit."

Norman alisukuma sahani. Masikio yake yalikuwa mekundu. "Akasemaje?"

"Kasema zipu ikikwama upitishe mshumaa."

"Hilo tu?"

Rowan alitazama uma wake. "Kasema mbwa si shahidi."

Mzee aliinuka, akaenda jikoni, akafungua mtambo wa joto ambao haukuwa na tatizo lolote, akautengeneza mpaka muda wa kulala.

Jumamosi jioni walijiandaa kama kawaida. Norman alivaa shati la mikono mifupi lenye mistari, akajipulizia manukato, akatangulia nje. Barafu ilikuwa imeng'aa juu ya magari. Walifika kwenye kona, Norman akasimama.

"Nisubiri hapa," alisema.

Aliporudi, koti la bluu lilikuwa mkononi mwake. Hakulivaa. Alikuwa amelikunja juu ya mkono kama mhudumu wa hoteli aliyebeba kitambaa, na nywele za mkono uliobaki wazi zilikuwa zimesimama zote kwa baridi.

"Baba, si uvae tu?"

"Kubeba si kuvaa," alisema Norman, kwa uzito wa jaji. "Tembea."

Kwenye treni ya kwenda mjini watu waliwatazama: mzee anayetetemeka na koti mkononi, na kijana kando yake anayetetemeka na simu mkononi. Kisha wakatazama pembeni. Watu wa huko wanaheshimu wazimu ukiwa na msimamo.

Nanga ilikuwa imefurika. Lowery aliwaona wakiwa bado mlangoni, na furaha ilimjaa usoni kama mtoto aliyeona keki.

"Norman! Umemuua nani?"

"Pazia hilo," akasema mwingine. "Kaliiba hotelini."

"Siyo pazia, mnamwonea. Ni mkewe mpya, hana mifupa tu!"

Baa ikalipuka. Rowan alijua muziki huo. Alijua na sehemu inayofuata, ambapo baba yake hucheka kuliko wote. Akamtazama. Norman hakucheka. Alikuwa mwekundu kuanzia shingoni mpaka kipara, na mkono uliobeba koti ulikuwa umeanza kulikumbatia.

"Ni koti la mwanangu," alisema.

"Mwanao si huyu hapa, kavaa shati?" Lowery alimnyooshea Rowan kidole.

"La yule mwingine." Norman alikohoa. Kisha akasema tena, kwa sauti ileile kubwa aliyokuwa nayo majira matatu ya baridi yaliyopita, sauti ya kufika mpaka kaunta ya nyuma, "Nina wana wawili. Huyu mwenye shati, na wa koti."

Norman akapita katikati ya wenzake mpaka kwenye meza yao ya siku zote, akavuta kiti, akalivalisha koti kwenye mgongo wa kiti hicho, mabega yakakaa sawa, akafunga zipu. Ilikwama kifuani. Akahangaika nayo kidogo, kwa vidole vinene vya fundi, mpaka ikapita. Kisha akakaa kiti cha kando yake.

Jumamosi pale Nanga kiti ni mali adimu. Hazikupita dakika nyingi akaja jamaa mmoja mgeni, akashika kiti chenye koti.

"Samahani mzee, hapa pana mtu?"

"Pana mtu," alisema Norman.

"Yuko wapi?"

"Yuko njiani."

Yule jamaa akaenda zake. Lowery, aliyekuwa amesimama kaunta akimsikiliza mwenye baa, aligeuka akaitazama ile meza muda mrefu, kichwa kimeinama upande kama ng'ombe anayefikiri. Alipokuja alikuwa amebeba glasi nne katika mikono miwili. Akaweka ya Norman, ya Rowan, ya kwake. Ya nne akaiweka mbele ya koti, taratibu, na kipande cha karatasi chini yake isiloweshe meza.

"Sijui siku hizi anakunywa nini," alinong'ona. "Nimeleta ile ya zamani."

Norman aliitikia kwa kichwa.

Rowan akanyanyua simu. Safari hii hakujificha nyuma ya kitu. Alipiga picha: koti limekaa wima, glasi imejaa, povu bado halijashuka, baba yake kando yake na shati lake la mistari, anatazama mlango. Nyuma yao saa ya ukutani na baa nzima ya mashahidi. Akaituma bila neno hata moja.

Wakakaa. Povu la glasi ya nne likaanza kushuka. Kila mlango ulipofunguliwa upepo uliingia, mkono wa koti ukatikisika kidogo, na Norman akainua macho, kisha akayarudisha mezani.

Simu ikatetemeka.

"Ni yeye?" Norman hakugeuka.

"Ni yeye."

"Anasemaje?"

Rowan alisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza herufi zilikuwa zinaogelea.

"Anauliza kile kiti kama bado kina mtu."

Norman alinyoosha mkono akaweka sawa kola ya koti, ambayo ilikuwa sawa tayari.

"Mwambie kina mtu, na mtu mwenyewe yuko njiani," alisema.